Medicare inakatika na Mama bado yuko nyumba ya uuguzi: tuhamishe mali kwanza, au tuombe Medicaid?

Swali: «Mama yangu ana miaka 78 na Baba ana 82. Tunaishi Houston, Texas, na wote wawili walipata uraia wa Marekani mwaka 2012. Mama alipata kiharusi, akalazwa hospitalini siku sita, kisha akapelekwa nyumba ya uuguzi ambako sasa ametimiza wiki sita. Nimepewa karatasi inayosema kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, itaacha kumlipia Ijumaa kwa kuwa haonyeshi maendeleo tena, na kwamba akibaki tutalipa wenyewe dola 235 kwa siku. Pensheni ya Mama ni dola 1,240 kwa mwezi, ya Baba ni 1,480. Wana akiba ya dola 61,000 katika akaunti ambayo na mimi jina langu limo, na nyumba waliyokwisha kuilipia. Mwaka jana Mama alimtumia kaka yangu aliyeko Mombasa dola 14,000 amalizie kujenga, na kila mwezi humtumia dada yake dola 150 za dawa. Kuna pia shamba la urithi Kwale ambalo hati yake bado iko kwa jina la marehemu babu. Wengine wananiambia Medicaid, msaada wa serikali kwa wasio na uwezo, haitoi hata senti mpaka tuuze nyumba. Wengine wananiambia niihamishie jina langu upesi kabla ya kuomba. Ninaishi na wazazi tangu 2021 na sijaolewa. Nifanye nini?»

Pole sana, dada yangu, na Mama apate nafuu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini nikiyasoma yote naona hofu moja: kwamba ili Mama auguzwe, Baba atabaki hana akiba wala pa kulala. Kwa namna ulivyoieleza hali yenu, jambo hilo halilazimiki kutokea, na huenda hasara kubwa inayowakabili si ile ya sheria bali ile mtakayojiletea wenyewe mkifuata ushauri wa kuhamisha mali kwa haraka. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: msihamishe chochote, si nyumba, si akiba, wala msitoe jina la mtu kwenye akaunti, mpaka mmalize kusoma haya na kuzungumza na mtu mnayemwona kwa macho.

Nianze na ile karatasi ya Ijumaa, kwa sababu ina saa yake. Sehemu hii nilikujibu faragha siku ile ile niliyopata swali lako, ila nairudia kwa faida ya wengine. Karatasi hiyo ni ilani ambayo nyumba ya uuguzi inalazimika kumpa mgonjwa si chini ya siku mbili kabla ya malipo kukoma, na chini yake pameandikwa namba ya simu ya taasisi huru inayosikiliza rufaa. Rufaa ya haraka hupigwa kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya kukatwa. Kwenu ninyi, kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Ukiipiga kwa wakati, uamuzi hutolewa upesi, na wala hulipii chochote kwa kuuliza. Familia nyingi huiweka ilani hiyo kwenye mkoba pamoja na risiti za dawa, na wakija kuisoma saa imeshapita.

Tena, sababu iliyoandikwa, yaani kwamba Mama «haonyeshi maendeleo», peke yake si sababu halali. Mwaka 2013 mahakama iliidhinisha makubaliano katika kesi ya Jimmo dhidi ya Sebelius, ambamo ilithibitishwa kwamba Medicare haimlipii tu mgonjwa anayepata nafuu. Humlipia pia yule anayehitaji mtaalamu ili asididimie zaidi. Kipimo ni kama anahitaji mikono ya muuguzi au mtaalamu wa mazoezi aliyesomea, si kama anapanda au anashuka. Mwombe daktari wake aandike hivyo, kwa maneno ya wazi, kwenye faili lake.

Hata hivyo, nisikupe matumaini ya uongo. Mkishinda rufaa mtakuwa mmepata wiki kadhaa tu. Medicare ni bima ya ugonjwa, haikuwekwa kwa ajili ya malezi ya muda mrefu. Baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini angalau siku tatu, hulipia nyumba ya uuguzi kwa ukamilifu siku 20 za kwanza; kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, na kwa mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50 kwa siku; baada ya siku ya 100 hailipi kitu. Mama akiwa amefikisha siku 42, basi siku 22 zimekwisha kuzaa deni la dola 4,609, isipokuwa kama ana bima ya nyongeza. Kwa hiyo tofauti kati ya kulipiwa na Medicare na kulipa wenyewe ni ndogo kuliko mlivyodhani, na mzigo wa kweli mtautua kwa Medicaid.

Medicaid ndiyo msaada wa serikali unaogharimia malezi ya miezi na miaka. Serikali kuu na jimbo huchangia pamoja, ndiyo maana kanuni za msingi ni zilezile nchi nzima lakini Texas ina namna yake na jirani yake ana yake. Mwombaji hupimwa kwa mambo matatu: hali ya mwili, mapato, na mali. Takwimu nitakazotumia ni za mwaka 2025, nazo hubadilika kila mwaka, kwa hiyo mtakapoomba ulizeni zilizopo.

Kwa hali ya mwili sitakaa sana. Wataalamu huangalia kama mgonjwa anahitaji uangalizi wa muuguzi, na kwa mtu aliyepooza upande mmoja, anayelishwa na kugeuzwa kitandani, mara nyingi hapana ubishi. Kwa mapato pia mko salama. Texas ni miongoni mwa majimbo yenye kikomo, nacho ni dola 2,901 kwa mwezi. Huangaliwa mapato ya mgonjwa peke yake, na Mama ana 1,240. Aliyepita kikomo hicho hufungua akaunti maalumu ya amana ambamo mapato yake hupitishwa, lakini hilo halikuhusuni.

Mali ndipo penye maneno, na ndipo penye uvumi mwingi. Umeambiwa kwamba ni lazima muwe hamna kitu. Kauli hiyo imetokana na kiwango cha dola 2,000 ambacho ndicho mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kubaki nacho Texas na katika majimbo mengi. Wanaoisambaza wanasahau kwamba Mama ana mume. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumkinga mwenzi anayebaki nyumbani asifukarike, kwa kuwa kabla ya hapo wake kwa waume walikuwa wakilazimika hata kuachana mahakamani ili mmoja apate kuuguzwa. Kwa sheria hiyo akiba ya mume na mke hujumlishwa yote, haijalishi imo kwenye jina la nani, kisha mwenzi aliye nyumbani hupewa nusu. Nusu hiyo ikiwa chini ya dola 31,584 hupandishwa ifike hapo, na ikizidi 157,920 hukatwa hapo.

Tuipige hesabu yenu. Nusu ya 61,000 ni 30,500, ambayo iko chini ya kiwango cha chini, kwa hiyo Baba anapata 31,584. Ongeza 2,000 za Mama, jumla 33,584. Zinabaki 27,416 ambazo kwa hesabu ya kwanza zinaonekana lazima zitumike kabla Medicaid haijaanza kulipa. Watu wengi huishia hapa, wakalipa nyumba ya uuguzi mpaka fedha ziishe. Kwa dola 235 kwa siku, fungu hilo ni karibu miezi minne.

Lakini kuna hatua moja zaidi. Sheria hiyohiyo inasema mwenzi aliye nyumbani anastahili kipato cha kumtosha kuishi, na Texas hutumia kiwango cha juu kinachoruhusiwa, yaani dola 3,948 kwa mwezi. Baba ana 1,480. Kwanza huchukuliwa pensheni ya Mama: zinatolewa dola 75 ambazo Texas humwachia mgonjwa kwa matumizi yake madogomadogo, na 1,165 zinazobaki anapewa Baba badala ya kulipwa nyumba ya uuguzi. Baba sasa ana 2,645, bado amepungukiwa 1,303. Kwa kuwa pengo lipo, familia inaweza kuomba kwamba akiba zaidi ilindwe, kwa hoja kwamba faida itokanayo na akiba hiyo inahitajika kuziba pengo. Kwa pengo kubwa kama lenu na akiba ndogo kama yenu, inawezekana kabisa dola zote 61,000 zikabaki kwa Baba. Nimeona familia zikiyeyusha akiba ya maisha kwa kutojua tu kwamba ombi hili lipo. Afisa anaweza asikukumbushe. Litaje mwenyewe, kwa maandishi, siku ya kupeleka maombi.

Ikiwa kwa sababu yoyote kutabaki ziada ya kutumia, itumieni kwa vitu mnavyohitaji na vyenye risiti. Kulipa madeni, yakiwemo yale 4,609, ni halali. Kutengeneza paa, kuweka njia ya kiti cha magurudumu, kununua gari linalotembea ikiwa lililopo limechoka, kulipia mapema mazishi kwa mkataba usioweza kuvunjwa: yote hayo ni halali, kwa sababu mmetoa fedha na mkapata kitu chenye thamani sawa. Kinachoharibu ni kutoa bila kupata.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo linatugusa sisi kuliko majirani zetu. Afisa wa Medicaid hutazama nyuma miezi 60 kutoka tarehe ya maombi, na kila kilichotolewa bure ndani ya miaka hiyo mitano, awe alikitoa mgonjwa au mwenzi wake, hugeuzwa kuwa muda wa kutolipiwa. Hukumu hiyo haijali nia njema. Kwetu, kumjengea mtoto, kuchangia matanga, kumtumia shangazi za dawa, ni wajibu, na mzee asiyetuma hudharaulika. Kwenye taarifa ya benki vyote hivyo vinasomeka kwa neno moja, zawadi. Wapo wanaojifariji kwa kusema kuwa sheria ya kodi inaruhusu kutoa hadi dola 19,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ni kweli, lakini hiyo ni sheria ya kodi. Medicaid haiitambui hata kidogo.

Adhabu hupigwa hivi: jumla ya zawadi hugawanywa kwa wastani wa gharama ya nyumba ya uuguzi katika jimbo. Kwa mfano tu wa hesabu, tuseme wastani huo ni dola 7,000 kwa mwezi. Basi 14,000 alizopelekewa kaka yako ni miezi miwili ambayo Mama hatalipiwa. Kibaya zaidi, tangu sheria iliyotiwa saini Februari 2006, miezi hiyo haianzi kuhesabiwa siku zawadi ilipotolewa. Huanza siku ambayo mgonjwa ameomba, yumo katika nyumba ya uuguzi, na ametimiza masharti mengine yote, yaani siku ile ile ambayo hana tena fedha za kujilipia.

Mna njia tatu hapa. Kaka yako akirudisha fedha zote, adhabu hufutika. Najua zimeshakuwa mabati na saruji, lakini pengine anaweza kukopa, na mzazi ni wake pia. Njia ya pili ni kuthibitisha kwamba fedha zilitolewa kwa sababu nyingine isiyohusiana kabisa na kutafuta Medicaid. Hii sheria inairuhusu, ila mzigo wa ushahidi ni wenu. Mnayo hoja nzuri: Mama alikuwa mzima, kiharusi hakipigi hodi, na kama mnaweza kuonyesha jumbe za simu alizoandikiana na kaka yako kuhusu ujenzi, pamoja na barua ya daktari inayoeleza kwamba mwaka jana hakuwa na ugonjwa wa kumfanya afikirie nyumba ya uuguzi, ombi lenu lina miguu. Njia ya tatu ni kuomba adhabu isamehewe kwa sababu itamnyima mgonjwa matibabu au chakula. Hupewa wachache.

Dola 150 za kila mwezi kwa mama mdogo ni 9,000 kwa miezi 60, na zinaweza kujumlishwa na zile 14,000. Utetezi wake ni desturi: kama zilikuwa zikitumwa miaka mingi kabla ya kiharusi, kiasi kilekile, kwa mtu yuleyule, tafuta rekodi za kampuni ya kutumia fedha zinazofika mbali kadiri iwezekanavyo. Tangu leo, Mama au Baba asitume tena. Kama dada yake anahitaji dawa, tuma wewe kutoka mshahara wako.

Kuhusu akaunti yenye majina matatu, dhana ya kwanza ya afisa itakuwa kwamba fedha zote ni za wazazi. Kama mshahara wako ulikuwa ukiingia humo, lete stakabadhi za mshahara na utenganishe zilizo zako. Na kama umewahi kuwa mweka hazina wa chama na michango ya wanachama ikapitia humo, tafuta daftari la chama na barua ya mwenyekiti. Nilishughulikia faili ambalo dola 6,000 za chama ziliingia Jumatatu na kutoka Jumatano kwenda kwa mwanachama aliyekuwa na zamu. Afisa aliziona kama zawadi, na tulitumia miezi mitatu kuthibitisha kwamba mzee hakuwahi kuwa na fedha hizo.

Shamba la Kwale lazima litajwe. Watu hushawishika kuliacha, kwa kudhani kwamba Houston hawaoni Kwale. Fomu huulizia mali popote ilipo, na kusaini fomu yenye uongo ni kosa la jinai, hata kama hakuna atakayekwenda kupima mipaka. Kulitaja si kulipoteza. Ardhi ya nje huhesabiwa ikiwa mwenye nayo ana uwezo wa kuiuza. Urithi ambao haujagawanywa, wenye hati ya marehemu na wadai wengi, kwa kawaida si kitu ambacho Mama anaweza kukiuza peke yake. Onyesheni hivyo kwa karatasi: nakala ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi unaoonyesha jina la babu, na barua ya chifu inayowataja warithi na kueleza kwamba mirathi haijafunguliwa. Anzeni kuitafuta sasa, maana barua ya chifu inaweza kuchukua muda mrefu kuliko maombi yenyewe.

Sasa nyumba. Baba akiwa anaishi humo, nyumba haihesabiwi, iwe ya thamani yoyote. Hamuuzi. Hofu ya kuuza imetokana na jambo jingine, nalo ni kwamba baada ya mgonjwa kufariki jimbo lina haki ya kudai kutoka kwenye mirathi kile ilicholipa kwa mtu aliyekuwa na miaka 55 au zaidi. Sheria ya 1993 inayalazimisha majimbo yote kufanya hivyo. Lakini dai hilo halifanyiki mume akiwa hai, wala ikiwa marehemu ameacha mtoto aliye chini ya miaka 21 au mwenye ulemavu. Texas imeongeza msamaha mwingine unaokugusa wewe moja kwa moja: haidai ikiwa mtoto mtu mzima asiye na ndoa alikuwa akiishi katika nyumba hiyo mfululizo kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kifo. Tena, Texas hudai tu mali inayopita katika mirathi ya mahakamani, ndiyo maana mawakili wa huko huwaandalia wateja wao hati inayomwachia mzee nyumba maisha yake yote na kuipeleka kwa mtoto siku ya kifo bila kupita mahakamani.

Nani kakwambia uihamishe? Nauliza bila kejeli, kwa sababu pengine alikuwa na sehemu ya ukweli. Sheria inaruhusu nyumba kuhamishiwa mtoto bila adhabu ikiwa aliishi na mzazi miaka miwili au zaidi kabla ya mzazi kuingia nyumba ya uuguzi, na malezi aliyompa ndiyo yaliyomwezesha mzazi kubaki nyumbani wakati huo. Wewe umeishi nao tangu 2021, lakini sharti la pili ni gumu: kama Mama alikuwa mzima mpaka siku ya kiharusi, huwezi kusema ulimchelewesha kuingia huko. Ukihamisha ukashindwa kuthibitisha, thamani nzima ya nyumba inageuka kuwa adhabu ya miezi mingi. Na hata ukifaulu, ukija kuiuza utalipa kodi ya faida kwa kuhesabu kutoka bei waliyonunulia wazazi, wakati ungeirithi ungehesabiwa kwa thamani ya siku ya kifo. Kinachofaa kwenu, ambacho hakina adhabu kabisa, ni Mama kumhamishia Baba sehemu yake.

Kisha Baba abadilishe wasia wake. Kama unasema «nikifa, vyote kwa mke wangu», na yeye akatangulia, akiba yote iliyolindwa kwa jasho itamwangukia Mama na kumwondoa katika msaada siku hiyohiyo.

Kuna saini moja ambayo lazima nikutahadharishe nayo. Mkataba wa kuingia nyumba ya uuguzi mara nyingi una mstari wenye maneno «mhusika wa malipo». Sheria ya serikali kuu inakataza nyumba inayopokea Medicare au Medicaid kumlazimisha mtoto awe mdhamini kama sharti la kumpokea mgonjwa. Kama hujasaini, andika jina la Mama, kisha lako chini yake kama mwakilishi wake, kwa fedha zake tu. Kama ulishasaini, usiogope, ila mpelekee mwanasheria asome.

Kusaini kwa niaba ya Mama nako kunahitaji msingi. Akiwa bado anaelewa na anaweza kueleza anachotaka, hata kama mkono hauandiki vizuri, hati ya uwakilishi iandaliwe wiki hii mbele ya mthibitishaji. Akili ikishazama, mlango unaobaki ni mahakama kumteulia mlezi, njia ndefu na ya gharama.

Maombi yenyewe, kwa Texas, ni fomu H1200, na hupelekwa kwa idara ya afya na huduma za jamii ya jimbo. Ipeleke hata kabla karatasi zote hazijakamilika, kwa sababu tarehe ya kupokelewa ndiyo inayoshika nafasi, na mengine yanaongezwa. Kwa kawaida Medicaid inaweza kulipa hadi miezi mitatu iliyotangulia mwezi wa maombi ikiwa mgonjwa alikuwa anastahili wakati huo. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inapunguza muda huo kuwa miezi miwili kwa wazee kuanzia Januari 2027, kwa hiyo kuchelewa kutazidi kuwa ghali. Uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 45, au 90 ikiwa ulemavu unapaswa kupimwa kwanza. Mkikataliwa, barua itataja siku za kukata rufaa. Andikeni rufaa hata kama hoja bado hamjaipanga.

Hujauliza kuhusu kumrudisha Mama nyumbani, lakini nahisi Baba analitaka. Texas ina mpango wa STAR+PLUS unaolipia msaidizi wa nyumbani, na foleni yake ni ndefu. Mgonjwa ambaye tayari analipiwa na Medicaid akiwa ndani ya nyumba ya uuguzi anaweza kuhamia katika mpango huo bila kupanga foleni. Ndiyo kusema, kama mna nia ya kumrudisha, msimtoe kabla Medicaid haijaanza kumlipia, maana akishatoka anaingia nyuma ya foleni pamoja na wengine. Mtoto mtu mzima anaweza kuajiriwa kuwa msaidizi huyo na akalipwa, mume hawezi.

Kwa msomaji mwingine ambaye mzazi wake bado ana kadi ya ukaazi tu: sheria ya 1996 humtaka angoje miaka mitano tangu apate kadi kabla ya kustahili Medicaid kamili, na tamko la udhamini ulilosaini linaweza kufanya mapato yako yahesabiwe kuwa yake. Kwenu ninyi uraia wa 2012 umelimaliza hilo.

Kwa hali yenu nisingeridhika na jibu la kuandikwa peke yake. Ile zawadi ya 14,000, ombi la kulinda akiba yote na hati ya nyumba vinahitaji mwanasheria wa masuala ya wazee mwenye leseni ya Texas, amwone Mama, asome taarifa za benki mwenyewe. Ada yake ni matumizi halali ya akiba. Kama ada inawashinda, ofisi ya huduma kwa wazee ya eneo lenu hutoa washauri wa bima bila malipo, na kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa nyumba za uuguzi ambaye hupokea malalamiko, hasa nyumba ikianza kumtishia Mama kumtoa wakati maombi hayajajibiwa. Baba akihojiwa, omba mkalimani wa Kiswahili. Ofisi ya Medicaid inalazimika kumleta bure, na usikubali wewe ndiye ufasiri, kwa sababu utakuwa unahitajika kama shahidi.

Beba taarifa za benki za miezi 60 zote, kurasa zote, hata zile tupu. Afisa akikuta ukurasa wa 4 kati ya 5 umekosekana, faili hurudishwa.